Baba, Dada na Ubongo wa Msomaji

Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ushei tu, muda mfupi mno kwa ubongo wa binadamu kuumbika upya kwa ajili yake. Kwa hiyo wataalamu wa sayansi ya neva ya utambuzi, yaani taaluma inayochunguza jinsi ubongo unavyozaa fikra, kumbukumbu na lugha, wamejiuliza herufi hupata wapi makao kichwani. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 63 wa Ureno na Brazil, baadhi yao wasiojua kusoma na wengine waliojifunza ukubwani, ambao bongo zao zilipigwa picha kwa mashine ya sumaku inayofuatilia oksijeni katika damu. Kadiri mtu alivyokuwa hodari wa kusoma, ndivyo eneo dogo la kushoto, chini kuelekea kisogoni, lilivyoyaitikia maandishi kwa nguvu zaidi, hata kwa waliochelewa kujifunza.

Kazi ya asili ya eneo hilo ni kutambua vitu na nyuso, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Chui ni chui, awe ameelekea kulia au kushoto. Ubongo uliozoea kanuni hiyo hauoni sababu ya kuzitenga b na d, hivyo mtoto anayesoma "dada" palipoandikwa "baba" hastahili kiboko wala kuitwa mzito.

Hata hivyo, kuijua sababu ya kosa si kuijua dawa yake. Mwaka 1997 Mmarekani John Bruer alionya kwamba masafa kati ya chembe za neva na darasa ni marefu mno kuvukwa kwa hatua moja, na onyo hilo lingesikilizwa, pengine walimu wasingeendelea kuaminishwa kwamba kila mwanafunzi hufundishika vyema kwa njia yake pekee, ya macho, masikio au vitendo, dai ambalo majaribio hayajalithibitisha.

Njia ya uangalifu zaidi ilionekana Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambapo watoto wanaoanza kusoma walifanya mazoezi ya wiki chache ya kutofautisha herufi na vivuli vyake vya kioo, wakizitazama, wakizitamka na kuzifuatisha kwa mkono. Wale waliolala mchana baada ya mazoezi, kasi yao ya kusoma ilikaribia kuongezeka maradufu, ilhali waliofanya mazoezi yaleyale bila kulala hawakufikia kiwango hicho, tofauti ambayo picha za ubongo peke yake zisingeweza kuionyesha.