Nyumba ya Pwani na Wadudu Wake

Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, chooni huwa na birika lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa, na chini kabisa ya birika hilo, kwenye sakafu yake, pamepachikwa bakuli la kauri. Mgeni akiliona hudhani ni pambo, kwa kuwa nyumba hizo zina zidaka ukutani na vyombo vya kauri kutoka China. Kumbe bakuli lile ni makazi ya samaki. Samaki wadogo hutiwa birikani wale viluwiluwi vya mbu, na maji yanapotekwa mpaka yakakaribia kwisha, samaki hubaki salama ndani ya bakuli hadi birika lijazwe tena. Maji yaleyale watu huyaogea na kuyatilia udhu.

Naanza na birika kwa sababu linaeleza vizuri mila ya Waswahili kuhusu wadudu wa nyumbani. Wazee wetu hawakuwa na dawa ya kupuliza. Walijua kila mdudu anazaliwa wapi, analala wapi na anaingilia wapi, na kazi za nyumba zikapangwa kwa kufuata ujuzi huo. Mbu alikatiwa majini, kunguni akafuatwa kitandani mwake, mchwa akanyimwa mti anaoupenda, nzi akafungiwa chakula. Sumu ya kopo ilikuja juzi, na imewafanya vijana wengi wayaone mambo haya kuwa ya kizamani. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Tazama nyumba ya pwani inavyobadilika jua likizama. Watoto huitwa ndani, madirisha hufungwa, vyombo vya maji hufunikwa, na chakula kilichobaki huwekwa chini ya kawa la ukili. Kisha makaa hutiwa kwenye chetezo, na ubani au udi juu yake, na moshi ukazungushwa chumba kwa chumba, hadi mvunguni mwa kitanda. Sababu inayotajwa ni ya dini: Magharibi ni wakati wa mashetani kutapakaa, na Mtume alihimiza watoto wazuiwe ndani na vyombo vifunikwe. Lakini saa hiyo ndiyo pia mbu wa vyooni na mitaroni, yule wa aina ya kuleksi anayeeneza matende na mabusha, anapoanza kutoka kutafuta damu. Asiye na udi huchoma makumbi ya nazi uani, au hutia motoni majani ya kivumbasha, mmea ambao nyumba nyingi huuotesha karibu na mlango. Moshi hauui mbu. Humfukuza kwa muda, na muda huo unatosha watu kula na watoto kuingizwa ndani ya chandarua.

Chandarua nacho si kitu kigeni kwetu. Kabla ya vile vyenye dawa vinavyogawiwa kliniki, nyumba zenye uwezo zilikuwa na samadari, kitanda kirefu chenye nguzo nne, na nguo nyepesi ilitandazwa juu yake ikashuka pande zote. Ugeni wa vyandarua vya leo ni dawa iliyomo tu.

Kitanda chenyewe kilikuwa uwanja wa vita vingine. Kitanda cha kamba kina maficho mengi: pale mfumbati unapoingia kwenye tendegu, penye kila fundo la kamba, kwenye kila ufa wa mti. Kunguni hulala humo mchana, usiku akatoka, akanyonya, akarudi. Wanawake wa pwani walimjua kwa undani kuliko mtu yeyote. Siku ya kuwatoa kunguni, vitanda vyote vya nyumba vilitolewa uani, vikamwagiwa maji yanayochemka kwenye viungo, kimoja baada ya kingine, vikapigwapigwa chini, kisha vikaachwa juani kutwa nzima. Mikeka ilikung'utwa, magodoro ya sufi yakageuzwa, nyufa za kuta zikazibwa kwa chokaa. Msimu wa kaskazi ulifaa zaidi kwa sababu ya jua lake kali. Na ilikuwa busara kumwambia jirani naye atoe vyake, maana kunguni aliyefukuzwa huku huhamia upande wa pili wa ukuta.

Kazi hiyo ilikuwa na msingi ambao sayansi inaukubali. Joto la nyuzi 50 hivi humuua kunguni pamoja na mayai yake, na maji yanayochemka yanafika mara mbili ya hapo. Dawa nyingi za madukani ni za jamii ya pareto au za kuigiza pareto, na kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamekuwa sugu kwazo. Hakuna kunguni aliyewahi kuwa sugu kwa maji ya moto.

Ila kuna desturi moja hapa ambayo siipendi, nayo ni aibu. Kusema una kunguni ni kama kukiri uchafu, kwa hiyo watu hunyamaza. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo hutumiwa kwa rafiki msaliti, lakini mdudu mwenyewe hawataki kumtaja mbele ya wageni. Kunguni haangalii usafi. Husafiri ndani ya sanduku la nguo, huja na mtoto kutoka bweni la shule, huingia na kochi lililonunuliwa mtumbani. Ukimya ndio unaomsaidia kuvuka kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mabinti wengi wameteseka na kunguni kimyakimya katika nyumba walizoolewa kwa kuogopa kusemwa.

Mchwa sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu mafundi walimmaliza kabla nyumba haijasimama. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, mti mgumu wenye tanini nyingi ambao mchwa hauwezi kirahisi. Urefu wa boriti, ambao ni kama mita 2.5 hadi 3, ndio uliopanga upana wa vyumba vya Lamu, na boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Nyumba za makuti zilikuwa na kinga yao: moshi wa jikoni uliopanda kila siku ukayakausha makuti na kuwafukuza wadudu. Jiko likihamishwa nje, makuti huoza na kuliwa upesi zaidi.

Huko mashambani, Kwale au Tanga, kuna mgeni ambaye mila haimpigi vita kabisa. Siafu wakiingia usiku, watu hutoka. Kwanza hubebwa watoto wachanga, kisha hufunguliwa kuku na mbuzi, kwa kuwa mnyama aliyefungwa hawezi kujiokoa. Mlango wa chumba chenye mgonjwa humwagiwa majivu ya moto ili wapite kando. Baada ya hapo ni kungoja. Siafu hupita chumba kwa chumba wakila mende, kunguni, buibui na hata vitoto vya panya, na wakiondoka huacha nyumba safi kuliko walivyoikuta. Nimewasikia wazee wakiwazuia vijana wasiwamwagie mafuta ya taa kwa maneno mepesi tu: waacheni wafanye kazi yao, wataondoka wenyewe.

Huruma hiyo ina mizizi chuoni. Mtoto wa pwani hujifunza mapema kwamba Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la chungu, Surat An-Naml, ya 27, na ndani yake chungu anawaonya wenzake waingie mashimoni wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman. Hufundishwa pia kwamba Mtume alikataza kuua chungu na nyuki, na kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mungu peke yake. Kwa hiyo chungu wakiingia kwenye sukari, kabati la chakula huwekwa miguu yake ndani ya vikopo vya maji, na mambo yakaisha. Adabu hii ina faida nyingine ambayo labda haikukusudiwa: nyumba isiyopenda kuua ovyo haijazi sumu mahali wanapotambaa watoto.

Tuje kwa wanyama. Lamu ni mji wa paka na punda. Paka hupita kila mahali, wembamba, miguu mirefu, na hakuna anayewafukuza, kwani ndio wanaowinda panya. Viroboto wao huzuiwa kwa kufagia: uwanja hufagiliwa kila asubuhi, mikeka huanikwa, na pembe alizozoea kulala paka humwagiwa maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, kwa sababu mayai ya kiroboto hudondoka kutoka mwilini mwa paka, na watoto wake hukua sakafuni na kwenye matandiko. Punda hupelekwa ufukweni kuogeshwa baada ya kazi, na maji ya chumvi huvisafisha vidonda ambavyo nzi huvikimbilia. Vidonda vikizidi, kuna kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza, ambayo imetibu punda mjini hapo bila malipo tangu 1987. Mbuzi hutolewa kupe kwa mkono, kazi ya watoto jioni, na kuku huachiwa zizini wadonoe waliobaki.

Hapa ndipo madhara ya sumu mpya yanaponisikitisha zaidi. Mtu mwenye nia njema hununua dawa ya kupe au viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa au ng'ombe, akampaka paka wake. Nyingi ya dawa hizo zina permethrini, na mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja. Paka hutetemeka, hupatwa na degedege, na wengi hufa. Mwingine huchukua amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, akamwogeshea punda. Amitrazi hulegeza matumbo ya farasi na punda, chakula kikaganda ndani, mnyama akateseka kwa siku kadhaa. Ng'ombe haimdhuru kwa kipimo chake, na ndiyo maana mwenye punda hashuku kitu.

Na samaki wa birika? Dawa za jamii ya pareto ni sumu kali kwa samaki. Ukipuliza chooni ili umuue mbu mmoja anayeruka, matone yakatua majini, unaweza kuwaua walinzi waliokuwa wakila mamia ya viluwiluwi kila siku. Wiki chache baadaye mbu ni wengi kuliko mwanzo, na kopo jingine linanunuliwa.

Lamu ilipata kujua gharama ya maji yasiyo na mlinzi. Mwaka 2004, wakati wa ukame, kulizuka homa ya chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika katika nyanda za Makonde. Mgonjwa huumwa viungo kiasi cha kushindwa kunyooka. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji waliambukizwa. Virusi vikaendelea hadi Komoro na Réunion. Watafiti waliutazama ukame huo wakaona kwamba watu walihifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wa aina ya aedesi huzaliana hasa kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo. Mbu huyu huuma mchana. Ubani wa Magharibi haumhusu, na chandarua cha usiku kinamkosa. Kinachomweza ni kile kilichokuwa kikifanywa birikani: kumzuia asizaliwe. Lakini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye mapipa na madumu ya plastiki, na pipa halikuwekewa samaki wala kifuniko.

Wataalamu walipotafuta njia ya kuzuia matende Unguja, walifika palepale. Kijijini Makunduchi, kuanzia 1988, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chenga nyepesi za polistirini zinazoelea, zikatanda juu ya maji. Mbu wa kuleksi akashindwa kutaga, na viluwiluwi vilivyokuwamo vikakosa hewa. Wakazi walipewa pia dawa ya matende, na ugonjwa ukapungua sana. Chenga hizo zilidumu miaka bila kuongezwa. Nadhani mwanamke aliyetia samaki birikani angeielewa njia hiyo mara moja bila kuelezwa.

Leo barabarani Mombasa na Dar es Salaam, spika ya mchuuzi hurudia kutwa nzima kwamba ana dawa ya kunguni, mende, viroboto na panya. Baadhi ya chupa anazouza hazina karatasi ya maelezo, na anayenunua hajui kama ni dawa ya nyumbani au sumu ya shambani iliyogawiwa kwenye vichupa. Siwalaumu wachuuzi peke yao. Nyumba zetu za sasa zimejengwa bila birika, bila uwanja, bila mahali pa kuanika kitanda, na mpangaji wa chumba kimoja ghorofani hana pa kuchemshia maji ya vitanda vitatu. Mila hii ilihitaji nafasi, na ilihitaji watu wanaofanya kazi pamoja siku moja.

Hata hivyo sehemu yake kubwa inawezekana popote. Mbu wa aedesi huhitaji siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo pipa linalomwagwa na kusuguliwa kila wiki halitoi mbu. Tangi la juu ya paa lifungwe kwa wavu mwembamba. Kitanda cha mbao cha kisasa kina viungo kama cha kamba, nacho hukubali maji ya moto. Dawa ya mnyama inunuliwe kwa daktari wa mifugo, naye aulizwe kwa jina la mnyama: paka, punda au mbuzi. Na wewe uliyerithi nyumba ya mawe Lamu, Pate au Siyu na unapanga kuikarabati, usimruhusu fundi alivunje birika kabla hujaangalia kama bakuli lake lingali sakafuni. Likiwapo, tia maji, tafuta samaki, na uwaoneshe watoto wako kazi yao.