KUHESABU KILICHOKO NJIANI



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini fomu ya mwaka huu imeongezwa safu mpya, "Mikarafuu ambayo haijazaa", na baadhi mmenong'ona kuwa huenda ni hila ya kututoza kodi. Sivyo. Kamati imetutaka tueleze, nasi twaomba mtuvumilie tuanzie mbali kidogo, huko bara.

Katika safari yetu ya mwaka jana tulifikia Kawajense, kata moja ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, mji ambako reli itokayo Kaliua huishia. Mwenyeji wetu ana duka la rejareja, na sukari yake huletwa kwa lori. Msimu wa mvua barabara iliharibika. Sukari ilipokaribia kwisha dukani, akaagiza mifuko kumi. Juma likapita, haikuja. Akaagiza kumi mingine. Juma la tatu akamwendea tajiri wa pili, akaagiza kumi tena. Barabara ilipokauka mifuko yote thelathini ikaingia kwa pamoja, na wanywa chai wa mtaa ule ni wale wale. Tulimkuta amewalaza watoto sebuleni, kwani chumba chao kimejaa sukari. Akatuambia, "Wateja wa hapa hawaeleweki, leo wanataka, kesho hawataki." Lakini wateja hawakubadilika hata kidogo. Kilichopanda na kushuka ni maagizo yake mwenyewe.

Jambo hili lina elimu yake. Zamani wataalamu wa uendeshaji wa kazi, yaani namna ya kuagiza, kuweka akiba, kupanga vibarua na kusafirisha, walipiga hesabu kana kwamba mwenye kuamua ni mashine isiyosahau wala kuogopa. Baadaye wakaanza kumtazama mtu mwenyewe. Huko Marekani, katika chuo cha MIT, Jay Forrester na wenziwe walianzisha mchezo wa ubao ambao wenyewe huuita mchezo wa bia. Sisi, kwa heshima ya wasomaji wetu, tutausimulia kwa sukari. Watu wanne hukaa kwa mstari: mwenye duka, mfanyabiashara wa jumla, msambazaji, na mwenye kiwanda. Kila mmoja huagiza kwa aliye juu yake, na mzigo huchukua majuma kadhaa kufika. Mnunuzi hutaka makasha 4 kila juma. Kufika juma la 5 hutaka 8, na tangu hapo habadiliki hadi mwisho.

Mwaka 1989 John Sterman wa chuo hicho alichapisha matokeo. Kwa wastani, gharama za wachezaji zilikuwa kiasi cha mara kumi ya zile ambazo zingewezekana, na kadiri ulivyopanda kutoka duka hadi kiwanda ndivyo maagizo yalivyozidi kuruka juu na kuporomoka. Walipoulizwa mnunuzi alikuwa akitaka nini, wengi walichora mawimbi makubwa, sawasawa na mwenyeji wetu wa Kawajense. Wala hawakuwa wajinga; walikuwamo wanafunzi wa chuo na mameneja wazima. Kosa kubwa ni moja: mtu hutazama ghala lake tupu, akasahau mzigo aliokwisha kuuagiza ambao ungali njiani.

Nasi tusijitoe. Ofisi yetu iliwahi kuagiza magunia mara mbili kwa sababu ya kwanza yalichelewa, na mwenye kutaka kuyaona yaliyosalia aje ghalani, panya wamemtangulia.

Sasa tuje kwenye mikarafuu. Sukari ya Kawajense ilikuwa njiani majuma matatu. Mche wa mkarafuu huwa njiani miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na hauzai sawasawa mpaka upate kama miaka 15 au 20. Bei ya leo ndiyo itupayo hamu ya kupanda, lakini si bei tutakayouzia. Enzi za Sayyid Said watu walipanda kwa wingi walipoona faida. Kufika miaka ya 1840 karafuu zilizidi na bei ikashuka. Indonesia nao, wenye sigara zao zinazotiwa karafuu, walikuwa wanunuzi wetu wakubwa. Katika miaka ya 1970 wakapanda kwao kwa wingi mno. Kila mkulima aliona karafuu zilivyo ghali mwaka ule. Miche ya jirani, iliyofika kiunoni na haina hata ua, nani aliihesabu? Ilipozaa, tulimpoteza mnunuzi, na bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Wenyewe pia hawakusalimika: miaka ya 1990 wakulima wao wengine waliitupa mikarafuu yao au kuikata.

Mwanachama mmoja alitujia na hoja nzito: "Mimi nikiacha kupanda, jirani atapanda, na Madagaska watapanda. Nimepata nini?" Kweli, mashamba ya Madagaska hatuwezi kuyahesabu. Wala hatusemi msipande. Mikarafuu mingi ya visiwa hivi ni mizee, na aliyefiwa na mti akaurejeshea mwingine hakuongeza kitu. Tunachokhofu ni kuagiza miche kwa pupa ya msimu mmoja. Mwaka uliopita wengine waliomba kwetu, na kwa khofu ya kukosa wakaomba kwingine pia, sasa kamati haijui ni mingapi imo ardhini.

Basi katika safu hiyo andikeni idadi ya miche hai isiyozaa, na mwaka iliopandwa. Iliyokufa isitiwe. Katika mkutano mkuu itasomwa jumla ya kila shehia, si majina ya watu, na agizo jipya la miche halitapelekwa kabla ya hapo. Fomu ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyekumbuka mwaka wa kupanda na aandike ni mwanawe yupi alizaliwa wakati huo, sisi tutautafuta mwaka.