Nyumba za Mji Mkongwe na Haki ya Jirani

Wako wasemao kwamba Mji Mkongwe wa Unguja unahifadhiwa kwa ajili ya watalii, na kwamba lau si fedha za wageni hao isingalitolewa hata pishi moja ya chokaa kutengeneza kuta za watu waliokwisha kufa. Nami sikatai kwamba fedha zina fungu lake, lakini sababu iliyo kubwa zaidi humdhihirikia yeyote atakayechungua jinsi nyumba zenyewe zilivyojengwa.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, na dari imelala juu ya boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimeletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Na kwa kuwa boriti ina kikomo cha urefu wake, upana wa chumba haukuamriwa na tajiri wala fundi bali na mti, ndiyo maana ukumbi wa mfanyabiashara mkubwa huweza kuwa mrefu wa fahari na bado ukawa mwembamba kama ujia. Ukuta uliopakwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Mwenye haraka akiupaka saruji, ambayo machoni pake ni imara zaidi, maji na chumvi hufungiwa ndani, na mawe huanza kulika pasipo mtu kujua.

Hasara hiyo ingalikuwa ya mwenyewe peke yake, serikali isingalikuwa na hoja ya kumwingilia mtu katika milki yake. Lakini nyumba za mitaa yake kama Shangani na Malindi zimeegemeana, pengine ukuta mmoja ukizitumikia nyumba mbili, hata paa la huyu likivuja, maji humfikia yule aliyekwisha kutengeneza la kwake. Na ile baraza ya mawe iliyo nje ya mlango, ni ya nani, ikiwa wapita njia ndio wanaoikalia jioni, na wakati wa masika ndio wanaoikanyaga kuepuka maji yaliyojaa kichochoroni?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, na majumba yakakaa bila matengenezo; Mamlaka ya kuuhifadhi mji ikaundwa 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka ilhali ikitengenezwa, na watu wawili wakafariki.

Kwa hiyo sheria ya kukataza haitoshi. Fukara anayekatazwa saruji ana haki ya kuambiwa chokaa iliyoiva ataipata wapi, kwa bei gani, na ni fundi yupi aliyebaki ajuaye kuipaka. Na hayo ni wajibu wa mji kumjibu kabla ya kumtoza faini.