Kusomesha kwa habari za leo: tuhakikishe kwanza

Wazazi wanatuuliza, je, inafaa mwalimu wa skuli au wa chuo kuweka kitabu pembeni akawasomesha watoto kwa tukio la siku hiyo, kama vita au ajali?

Jawabu ni kuwa inafaa, na ina asili katika Sunna. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume (S.A.W.), naye yumo msibani, hakuiacha kauli hiyo ipite. Aliwasalisha, kisha akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah na kupatwa kwake hakufungamani na kifo cha mtu, akawahimiza dua, sala na sadaka. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Hapo tunapata mpango wa darsa: kuondoa uvumi, kueleza ukweli, kuelekeza kwenye amali.

La kwanza ndilo tunalolipuuza. Picha huingia katika simu asubuhi, na adhuhuri imeshafika darasani. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari. Basi mwalimu awaulize wanafunzi: nani kasema? Alikuwepo? Picha ni ya lini? Wanavyuoni wa Hadithi waliuliza hayo hayo katika isnadi.

Pia pana adabu. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi. Mtoto anaweza kujifunza hapo hesabu ya uzito, kuelea kwa chombo, na amana ya mwenye kubeba roho za watu. Lakini huenda aliyekaa mbele ya mwalimu amempoteza babu yake humo. Basi tuanze kwa kuwaombea dua marehemu, na picha za maiti tusizioneshe kabisa.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi muulizeni: leo mmesoma habari gani, na mmejuaje kuwa ni kweli? Akishindwa la pili, kaeni naye mulitafute jawabu pamoja.

Wallahu aalam.