Weupe na Weusi wa Kibo Katika Picha

Jina la Kibo, kama lielezwavyo na wengi, latokana na neno la Kichaga lenye maana ya kitu chenye madoadoa, kwa sababu ya miamba myeusi ichomozayo katikati ya theluji. Kwa hiyo kilele hiki kilikwisha kupewa sifa ya rangi mbili kabla kamera haijafika Moshi. Walakini kuzipata rangi hizo katika picha, nyeupe tupu na nyeusi tupu pasipo rangi ya majivu kati yake, ni kazi yenye hila.

Vioo vya kupigia picha vya karne ya 19 viliathiriwa mno na nuru ya buluu, lakini nyekundu havikuihisi. Basi mbingu ilitokea nyeupe, na barafu nayo nyeupe, hata kilele kikapotea. Filamu zilizokuja baadaye, zenye kuhisi rangi zote, ziliondoa taabu hiyo. Mpiga picha akiifunika lenzi kwa kioo chekundu, nuru ya buluu huzuiwa. Mbingu hukaribia weusi, na barafu, ambayo hurudisha nuru ya kila rangi, hubaki nyeupe. Migomba ya Kibosho na Marangu pia huingia giza, kwa kuwa majani hurudisha nuru nyekundu kidogo tu. (Kiswahili kina mashina matatu tu ya asili ya vivumishi vya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu, na kazi hii yayahitaji yote.) Saa ifaayo ni asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda.

Njia ya pili ni ya chumba cha giza. Picha hunakiliwa juu ya filamu ngumu itumiwayo na wapiga chapa, isiyojua majivu: penye nuru ya kutosha huwa peusi, pasipo ya kutosha huwa wazi. Siku hizi kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kila nukta ya picha hupewa namba, tangu 0 ya weusi hata 255 ya weupe. Mtu huchagua mpaka, tuseme 128, na kila nukta huangukia upande mmoja au wa pili.

Kwenye mpaka huo ndipo penye hatari. Barafu ya Kibo si nyeupe yote: ina vumbi, na kuta zake zilizo kivulini ni za kijivu. Mpaka ukipandishwa, sehemu hizo huhesabiwa mwamba; ukishushwa, wingu jembamba huhesabiwa barafu. Jambo hili si dogo. Barafu ya Kilimanjaro, iliyokuwa kama kilometa 12 za mraba mwaka 1912, ilikuwa chini ya 2 mwaka 2011, na picha za kale na za sasa huwekwa bega kwa bega kuonyesha hasara hiyo. Hasara ni ya kweli, tena imepimwa kwa ramani na kwa picha za kutoka angani. Haihitaji kuongezewa chumvi na chumba cha giza. Apambaye ukuta na aweke mpaka apendapo. Lakini picha ya ushahidi yafaa iandikwe namba ya mpaka na tarehe, kwani theluji ya usiku mmoja huweza kuufunika mwamba wote, na picha ya asili isitupwe.

Mawenzi haina taabu hiyo. Haina barafu ya kudumu, na meno yake hutokea meusi juu ya mbingu nyeupe hata kwa vioo vile vya kale.