Mawazo na Ukumbusho: Msamiati wa Wachoraji wa Lubumbashi kuhusu Chimbuko la Kazi Zao

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sanaa katika Kiswahili umeendeshwa kwa kiasi kikubwa kana kwamba wasanii wenyewe hawajawahi kusema lolote. Aghalabu kamati huketi, huchukua orodha ya dhana kutoka Kiingereza au Kifaransa, hutafuta neno la Kibantu au la Kiarabu linalokaribia kila dhana, kisha orodha hupelekwa shuleni. Kwa njia hiyo tumepata ubunifu, ilhamu, msukumo na kipaji. Ni maneno mazuri, na mwandishi wa makala hii huyatumia kila siku. Hata hivyo, hayakutokana na mazungumzo ya watu wanaoshika brashi.

Makala hii inachunguza mahali ambapo wachoraji walijieleza kwa Kiswahili, kwa kirefu, na maelezo yao yakarekodiwa. Mahali hapo ni Lubumbashi, katika iliyokuwa Zaire, katika miaka ya 1970. Inadaiwa hapa kwamba wachoraji hao walikuwa na nadharia kamili ya kazi yao, kwamba nadharia hiyo ilibebwa na maneno mawili ya kawaida kabisa, yaani mawazo na ukumbusho, na kwamba maana walizoyapa maneno hayo hazijaingia katika fahari ya istilahi zetu. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili limeacha kuwa la wanaisimu peke yao.

2.0 Mji wa shaba na Kiswahili chake

Kiswahili kilifika Katanga kwa njia zaidi ya moja. Katika karne ya 19 kilifuata misafara ya biashara, ikiwemo ile ya Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejenga dola yake huko Bunkeya na kuuawa mwaka 1891. Lakini Kiswahili cha mjini kilikua hasa katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière. Kampuni hiyo iliajiri watu kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rodesia ya Kaskazini na kwingineko, nao walihitaji lugha moja ya kazini na ya nyumbani. Lugha hiyo husema bantu badala ya watu, bankambo badala ya mababu, na huazima Kifaransa bila haya. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili Sanifu hukisikia akadhani kimeharibika. Dhana hiyo ndiyo iliyotufanya tusisikilize.

Katika mji huu, baada ya uhuru wa mwaka 1960, ulistawi uchoraji ambao wateja wake hawakuwa watalii. Picha zilichorwa mara nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga vilivyopakwa rangi ya msingi na kuwambwa kwenye fremu za mbao. Zilinunuliwa na makarani, walimu na wafanyakazi wa migodini, zikatundikwa sebuleni. Mada zake zilijirudia. Kulikuwa na mamba muntu, kiumbe nusu mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri kwa masharti. Kulikuwa na mandhari ya kijiji. Na kulikuwa na ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa, askari Mwafrika anamchapa, afisa wa Kibelgiji anatazama, bendera inapepea. Mchoraji mmoja aliweza kuichora picha hiyo mara nyingi, na jirani yake vilevile, bila yeyote kuona kwamba ameiba au ameibiwa.

3.0 Mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Mwishoni mwa mwaka 1973, mchoraji kijana aitwaye Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alikwenda kumwuzia picha mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kampasi ya Lubumbashi. Kutokana na mikutano yao ilizaliwa kazi ambayo haina mfano katika ukanda wetu: mfululizo wa picha takribani 100 unaosimulia historia ya nchi nzima, tangu enzi za bankambo, kupitia ukoloni na vita vya Katanga, hadi utawala wa Mobutu, na kuvuka hapo kuingia wakati ujao. Tshibumba alileta picha kwa mafungu, akaieleza kila moja kwa Kiswahili, na Fabian akayarekodi maelezo na mazungumzo yaliyofuata.

Jambo la kwanza linalomvutia mtafiti wa lugha ni jinsi Tshibumba alivyojitambulisha. Alitumia neno la Kifaransa linalomaanisha mwanahistoria, na alilitumia kwa dhati. Hakudai kupamba historia iliyoandikwa na wengine. Alidai kuiandika, isipokuwa kalamu yake ilikuwa brashi. Dai hili linaonekana wazi katika picha ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambapo wagomaji walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Mchoraji alizaliwa miaka sita baadaye. Hakuona. Alisikia kwa wazee, kisha akafanya kazi ambayo yeye mwenyewe aliiita kuwaza.

4.0 Mawazo

Hapa inafaa tutulie, kwa sababu neno ni jepesi mno masikioni mwetu. Katika mazungumzo ya kila siku ya pwani, kusema kwamba mtu ana mawazo ni kusema kwamba ana dhiki, kwamba kuna jambo linalomla ndani. Katika maandishi ya kitaaluma, mawazo ni fikra au maoni tu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno lilikuwa na uzito mwingine. Kabla ya kukutana na wachoraji, Fabian alikuwa amechunguza Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililoanzishwa na padre Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga katika miaka ya 1950. Katika mafundisho ya Jamaa, mawazo ilikuwa dhana kuu: nguvu inayomwezesha mtu kukutana na mwenzake na kuzaa jambo jipya ndani yake. Haimaanishi kwamba Tshibumba alikuwa mfuasi wa Jamaa. Inamaanisha kwamba neno alilolitumia lilikuwa limekwisha kupikwa katika mji huo kwa muda mrefu.

Kwa mchoraji, kuwaza ni kupita kutoka katika habari iliyosikika kwenda katika sura inayoonekana. Mfano ulio bora ni picha ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba aliichora miili ya watu watatu, na nyuma yake akaweka misalaba mitatu. Hakuna shahidi aliyeiona misalaba hiyo, wala mchoraji hakudai kwamba ilikuwepo. Alieleza kwamba, kwa jinsi alivyowaza, Lumumba alikuwa kwa nchi yake kama Yesu alivyokuwa kwa wanaomwamini. Msalaba ni hitimisho la hoja, ambalo limewekwa mahali pa kuonekana.

Tulinganishe sasa na istilahi zetu. Ilhamu ni neno la Kiarabu ambalo asili yake inahusu kumezesha: mtu hupewa kitu kikaingia ndani yake bila yeye kukifanyia kazi. Neno hili linamfaa mshairi anayeona kwamba beti zinamteremkia. Halimfai mtu aliyehoji wazee, akasikiliza redio, akapima habari moja dhidi ya nyingine, ndipo akachora. Ubunifu nao una mtego wake. Kubuni ni kuanzisha kilicho kipya, lakini pia ni kutunga kisichokuwepo; ndiyo maana tunaziita riwaya kazi za kubuni, na ndiyo maana mahakamani ushahidi wa kubuni ni ushahidi wa uongo. Mwite Tshibumba mbunifu, na umekwisha kumnyang'anya dai lake la msingi, kwamba anachokichora ni kweli. Kuwaza hakumlazimishi achague kati ya ukweli na uumbaji. Mwandishi wa makala hii hajaona neno lingine katika Kiswahili, wala katika lugha za Ulaya anazozisoma, linalofanya kazi hiyo kwa urahisi huo.

5.0 Ukumbusho

Dhana ya pili ilijadiliwa na Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian katika makala yao ya mwaka 1976 kuhusu uchoraji wa Shaba. Waligundua kwamba wachoraji na wanunuzi waliutumia msamiati mmoja kueleza kwa nini picha fulani ina thamani: ina ukumbusho. Katika Kiswahili Sanifu neno hili limefungwa katika minara, sherehe na siku maalumu. Lubumbashi lilitaja sifa iliyomo ndani ya picha.

Umbo la neno linatusaidia. Kutoka kumbuka tunapata kumbukumbu, yaani kile kinachobaki kwa anayekumbuka. Ukumbusho hautoki hapo. Unatoka katika kitenzi cha usababishi, kumbusha, kama vile onyesho linavyotoka katika onyesha na fundisho katika fundisha. Kila nomino ya aina hii inamdai mtu wa pili: hakuna onyesho bila mtazamaji, na hakuna ukumbusho bila wa kukumbushwa. Kwa hiyo mchoraji anaposema picha yake ina ukumbusho, hazungumzii moyo wake. Anazungumzia kitakachotokea mbele ya picha, jioni, wageni wakiwa wameketi, mzee mmoja akiitazama Colonie belge na kuanza kusimulia aliyochapwa au aliyoyaona yakichapwa.

Hili linaeleza pia suala la kurudiarudia, ambalo wahakiki wa sanaa wamelishughulikia vibaya. Ikiwa chimbuko la kazi ni nafsi ya pekee ya msanii, basi nakala ya ishirini ni bidhaa tu. Ikiwa chimbuko ni kumbukumbu ya pamoja inayotakiwa kuamshwa, nakala ya ishirini ni sebule ya ishirini. Mabadiliko madogo, bendera kuhamishwa, mwanamke kuongezwa akimletea mfungwa chakula, ndiyo yaliyobeba sauti ya mchoraji, na wanunuzi walijua kuyasoma.

6.0 Mfano wa kulinganishia: Dar es Salaam

Takribani wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Oysterbay kwa rangi za kung'aa juu ya mbao laini za mraba. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, lakini wanafunzi na jamaa zake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika rasmi. Huko pia mada hujirudia. Tofauti ni kwamba wanunuzi walikuwa hasa wageni, na mgeni hawezi kukumbushwa asilolijua. Tembo, chui na ndege hawamtaki mtazamaji awe na historia moja na mchoraji. Hii si hukumu juu ya ubora wa kazi, kwani baadhi ya picha za Tingatinga mwenyewe zina utulivu ambao picha za Lubumbashi hazina. Ni kusema tu kwamba msamiati wa kujieleza hukua pale ambapo mchoraji na mnunuzi wana jambo la kubishania katika lugha moja.

7.0 Suala la sera

Picha za mfululizo wa Tshibumba zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Kitabu cha Fabian kuhusu kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1996, kiliyaweka maelezo ya mchoraji kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili ilichapishwa baadaye katika mtandao na mradi wa hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida ulioendeshwa na Fabian na Vincent de Rooij. Imo huko, wazi kwa yeyote, pamoja na tafsiri. Mchoraji mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na soko la ndani lililomlea liliporomoka pamoja na uchumi wa shaba.

Matokeo yake ni kinyume cha mambo. Wataalamu wa historia ya sanaa wa Ulaya na Marekani wanamjua Tshibumba kupitia Kiingereza na Kifaransa. Mwanafunzi wa sanaa za ufundi Dodoma, Kampala au Bujumbura, ambaye angeweza kumwelewa bila mkalimani, kwa kawaida hajawahi kulisikia jina lake. Tukitayarisha mtaala wa sanaa kwa Kiswahili kwa ajili ya nchi za Jumuiya, tutamfundisha mwanafunzi huyo neno ilhamu na kumwambia kwamba Kiswahili kimeanza sasa kuzungumzia uchoraji.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kulirekebisha hili kwa gharama ndogo. Kazi ya kwanza si kuunda istilahi bali kusoma: kuchukua matini zilizokwisha kunakiliwa, kuzipitia pamoja na wasemaji wa Lubumbashi, na kuorodhesha maneno ambayo wachoraji huyatumia kuhusu kuanza picha, kuikataa, kuirudia na kuimaliza. Kazi ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuamua tahajia. Matini hizo zina bantu na muntu, zina maneno ya Kifaransa katikati ya sentensi, na baadhi ya wajumbe watataka zisanifishwe kabla hazijamfikia mwalimu. Msimamo wa makala hii ni kwamba zisiguswe. Maelezo ya pembeni yanatosha. Mwalimu wa Kigoma anayewasikia wasafiri wa Kalemie kila wiki bandarini hatashindwa kulielewa neno bankambo, na wanafunzi wake huenda wakamtangulia.