Moto Haujui Ngazi

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, nikikusanya msamiati wa Kiborana kwa ajili ya utafiti wangu wa isimu. Alasiri moja niliketi kivulini na mzee mmoja aliyenifundisha kwa subira majina ya vitu vya nyumbani. Tulipofika kwenye moto, alinieleza kwamba wao huuita ibidda. Usiku wa siku iyo hiyo niliuona moto wenyewe. Kibanda cha mbao na mabati kilichokuwa kikiuza petroli kwa chupa kiliwaka, na kabla sijamaliza kuvaa viatu ulikuwa umekwisha kurukia kibanda cha pili.

Watu walitoka na kila walichokuwa nacho. Wanawake walileta maji kwa mitungi, maji waliyoyateka jioni kwa matumizi ya siku ya pili yake. Vijana walichota mchanga kwa makarai. Wengine waling'oa mabati na mbao za kibanda cha tatu ili moto ukose pa kushika. Maji hayakufaa sana, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo. Mchanga na ile nafasi iliyobomolewa ndivyo vilivyouokoa mtaa. Baada ya muda wa saa moja hivi moto ulizimika. Hakufa mtu, lakini vibanda viwili viliteketea pamoja na riziki ya wenyewe.

Jambo lililonikaa moyoni hadi leo ni kwamba katika umati ule wote hapakuwa na mtu aliyesema, tuwaite wazimamoto. Siwezi kudai kwamba waliitwa wakakataa kuja. Hawakuitwa. Wazo lenyewe halikuwa katika fikira za mtu yeyote, nami mwenyewe nikiwamo, ingawa nimesoma hadi kupata shahada ya uzamifu.

Kwa mwanaisimu, jambo lisilokuwa katika fikira za watu huanza kutafutwa katika maneno yao. Neno zimamoto ni ambatani ya kitenzi na nomino, nalo limekuwa nasi tangu enzi za ukoloni. Historia yake, hata hivyo, si ya kupendeza. Katika miji ya Afrika Mashariki ya wakati huo, Nairobi na Kampala zikiwamo, ulienea uvumi kwamba wazimamoto walikuwa wakiwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Haikosi wapo wasomaji ambao nyanya zao waliwatisha kwa neno hilo hilo ili wasichelewe kurudi nyumbani. Mimi nauelewa uvumi ule hivi: mwananchi aliliona gari jekundu likilindwa na kutunzwa, akaliona likienda mbio kwenye mali ya wengine, na hakuliona likija kwake. Chombo ambacho hakijawahi kukufaa ni rahisi kukidhania mabaya.

Neno la pili linalonishughulisha ni ngazi. Kiswahili kimelipa neno hili kazi nyingi. Ngazi ni kile chombo cha kupandia. Ngazi ni vidato vya saruji ndani ya jengo. Ngazi tena ni daraja la mamlaka, ndiyo maana tunasema ngazi ya wadi, ngazi ya kaunti, ngazi ya taifa. Katika suala la moto, maana zote tatu zinakutana, na hapo ndipo palipo na hoja yangu.

Tuanze na mamlaka. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha huduma za kuzima moto na udhibiti wa majanga miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Hakuna utata hapo. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mwananchi wa Kinna ana haki ya kuiuliza kaunti yake kuhusu moto kama anavyoiuliza kuhusu zahanati.

Swali hilo lina uzito zaidi leo kuliko zamani kwa sababu makazi yamebadilika. Katika olla, yaani kijiji cha wafugaji, nyumba za fito na mikeka hujengwa kwa kuachana. Nyumba moja ikiungua, majirani huwa na nafasi ya kujiokoa, na mwenye nyumba huweza kuijenga upya kwa msaada wa jamaa. Mji haujengwi hivyo. Mji huweka duka ubavuni mwa duka, huleta mitungi ya gesi, nyaya za umeme, madumu ya petroli ya kuwauzia waendeshaji bodaboda, na magodoro ya sponji. Majaribio ya maabara nchini Marekani yameonyesha kwamba chumba chenye fanicha za sponji na plastiki huweza kulipuka chote kwa moto kabla ya dakika 5 kupita, ilhali chumba chenye fanicha za zamani za mbao na pamba huchukua muda mrefu zaidi, pengine karibu nusu saa. Maendeleo yametuongezea starehe, na papo hapo yametupunguzia dakika za kukimbia.

Wenzetu wa Marekani wamejaribu kuupima muda huo. Shirika la ISO, ambalo hukadiria ubora wa huduma za zimamoto kwa ajili ya makampuni ya bima, hutaka sehemu zilizojengeka ziwe ndani ya kilomita 2.4 kutoka mahali lilipo gari la maji. Kwa gari la ngazi hutaka kilomita 4, na kwa kawaida hulidai pale tu eneo linapofikisha majengo 5 hivi yenye orofa tatu au zaidi. Nyumba iliyo mbali na kituo kwa zaidi ya kilomita 8 huhesabiwa, kwa jumla, kama isiyo na zimamoto. Nacho chama cha NFPA kimeweka lengo kwamba gari la kwanza lisafiri kwa muda usiozidi dakika 4.

Sasa tuulete ufito huo Kinna. Kutoka mji wa Isiolo, yaliko makao makuu ya kaunti, hadi Kinna ni zaidi ya kilomita 60 hata kwa ndege arukaye moja kwa moja, na barabara haiendi moja kwa moja. Dereva hodari, akiondoka saa ile ile aliyopigiwa simu, hatafika kabla ya saa nzima kupita. Likifika gari lenye lita 4,000, na mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, maji yatakwisha kwa dakika 10. Baada ya hapo wazimamoto watauliza yaliko maji mengine. Kwa hiyo, anayesema kwamba Isiolo ikiwa na gari basi Kinna nayo ina gari anasema kweli kwa hesabu ya ngazi ya kaunti, lakini anasema uongo kwa hesabu ya dakika.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaodhani kwamba dawa ni kununua gari kubwa jekundu lenye ngazi ndefu, likatwe utepe na mheshimiwa mbele ya kamera. Gari la ngazi ya mita 30 huwa na uzito wa tani nyingi. Linahitaji ardhi imara ya kuegemeza miguu yake, nafasi ya kugeukia, dereva aliyefunzwa, na fundi wa kulitunza. Likipelekwa kwenye mji wa nyumba za chini wenye barabara za mchanga, litageuka mnara wa ukumbusho. Ngazi ya mkono ya mita 10 hivi, ambayo watu watatu huweza kuibeba na kuisimamisha, hufika ghorofa ya pili. Hiyo inatosha kwa mji mchanga.

Mji ukianza kuota maghorofa, hesabu hubadilika. Chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti. Kaunti iyo hiyo ndiyo yenye jukumu la zimamoto. Basi ingekuwa busara afisa anayetia sahihi kwenye ramani ya jengo la orofa nne ajiulize swali moja: je, ngazi tuliyo nayo inafika hapo juu? Kama haifiki, mwenye jengo na aongeze ngazi ya pili ya saruji ndani ya jengo lake, iliyo mbali na ile ya kwanza. Ngazi hiyo haihitaji dereva wala petroli, wala haichelewi njiani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulizungumza. Mji wa Maua uko karibu na Kinna kuliko ulivyo mji wa Isiolo, lakini Maua imo katika Kaunti ya Meru, na mpaka wa kaunti hizi mbili umekuwa na mvutano wa miaka mingi. Katiba, katika Kifungu cha 189, inazitaka serikali za kaunti zishirikiane katika kazi zao, na inaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mapatano ya kusaidiana wakati wa moto yanawezekana bila kuugusa mgogoro wa ardhi. Moto ukiwaka katika nyika zinazopakana na Mbuga ya Wanyama ya Meru, hausimami kwenye mpaka kuuliza kaunti. Wanaovutana mchana kuhusu malisho wangeweza kukubaliana kwamba usiku wa moto, gari lililo karibu ndilo litakalotangulia.

Watakuwapo watakaoniambia kwamba mahali penye uhaba wa maji ya kunywa ni anasa kuzungumzia maji ya kuzimia moto. Nawaheshimu, lakini nadhani mambo haya mawili hayapingani. Kinna na jirani yake Rapsu zinajulikana kwa kilimo cha umwagiliaji. Pampu ndogo ya petroli inayovuta maji ya shamba yaweza kuvuta maji ya kuzimia moto, ikiwa tu kuna mpira wa kutosha na watu waliofunzwa kuitumia. Tangi linalojengwa kwa ajili ya soko au shule laweza kuachiwa bomba moja la chini lenye kiungo kinacholingana na mpira huo. Vijana wale niliowaona wakibomoa kibanda cha tatu walikuwa wazimamoto tayari, bila mafunzo, bila glavu na bila jina. Kaunti ikiwapa mafunzo, pampu ya kukokotwa, ngazi ya mkono, makarai na namba moja ya simu inayojibiwa usiku, Kinna itakuwa na kikosi chake kwa gharama iliyo ndogo mno kuliko ya gari la ngazi. Gari dogo la maji la Garbatulla na Kinna lingekuja kuwa hatua ya pili, nalo lingewakuta watu walio tayari kulipokea.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa moto wa nchi hii umewaua wengi wenu. Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Mwaka 2024 wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Tukiisoma mikasa ya Bombolulu na Kyanguli tunakutana na milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Mabweni mengi ya shule zetu ni nyumba za chini, ambazo hazihitaji ngazi ya aina yoyote. Kinachohitajika ni mlango unaofunguka.

Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni wa mwaka 2008 ulilisema jambo hili waziwazi: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachiane nafasi isiyopungua mita 1.2. Kwa shule ya bweni iliyo umbali wa saa nzima na zaidi kutoka kituo cha zimamoto, mwongozo huo ndio zimamoto yenyewe. Hakuna atakayewahi kufika kabla ya dakika zile 5. Atakayewaokoa wanafunzi ni mlango, na mwenye ufunguo.

Wahenga walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapo ni kijinga cha moto, nao walikuwa wakitufunza umoja. Lugha yetu ina kinga nyingine, ile ya kuzuia madhara, na hiyo nayo huhitaji mwenzake: kinga ya kaunti ikutane na kinga ya mwananchi. Tuwaulize wakubwa wetu kuhusu magari, ngazi na bajeti, tena tuwaulize bila kuchoka. Lakini wewe mwalimu wa zamu usisubiri jibu lao. Leo usiku, kabla ya taa kuzimwa, ingia bwenini, jifungie ndani pamoja na wanafunzi wako, kisha mwombe yule mdogo kuliko wote aufungue mlango gizani. Akishindwa, kazi yako ya kesho asubuhi unaijua.